Mikondo miwili katika shule moja: jaribio la namna hii lina uhalali gani?

Mwanafunzi wa Uzamili (mleta mada)

Salaam kwenu nyote. Ninasoma shahada ya uzamili katika saikolojia ya elimu, na kwa sasa ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu wasiwasi wa mitihani kwa wanafunzi wa Kidato cha Nne. Ninataka kujua kama vipindi vifupi vya mafunzo vinaweza kuupunguza wasiwasi huo. Katika vipindi hivyo mwanafunzi atafundishwa kupumua kwa utaratibu, kujipangia ratiba ya kujisomea, na kuyatambua mapema yale mawazo ya kushindwa yanayomvamia anapokaribia kuingia katika chumba cha mtihani. Kutakuwa na kipindi kimoja kwa wiki kwa muda wa wiki sita, na cha mwisho kitafanyika siku chache kabla ya mtihani wa utamilifu.

Nimekubaliwa na shule moja ya bweni yenye mikondo miwili ya Kidato cha Nne, kila mmoja ukiwa na wanafunzi 45. Mkondo A ni wa masomo ya sayansi na Mkondo B ni wa masomo ya sanaa. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuufundisha Mkondo A, kuuacha Mkondo B kama kundi linganishi, kisha kuwajazisha wote hojaji ya wasiwasi kabla na baada ya vipindi. Msimamizi wangu ameandika pembeni mwa ukurasa kwamba uhalali wa ndani wa mpango huu, yaani uhakika kwamba mabadiliko yatakayoonekana yameletwa na mafunzo na si kitu kingine, ni dhaifu. Mjumbe mwingine wa jopo amesema kwamba hata uhalali huo ukirekebishwa, shule moja haiwezi kutuambia lolote kuhusu shule nyingine, kwa hiyo uhalali wa nje nao haupo.

Kwa kuwa mikondo hiyo miwili haifanani, ninafikiria kuachana kabisa na ulinganishi, niwafundishe wanafunzi wote 90 na kulinganisha alama zao za kabla na za baada. Nitakuwa na sampuli kubwa zaidi, na kila mwanafunzi atalinganishwa na nafsi yake mwenyewe, jambo ambalo kwangu linaonekana kuwa la haki kuliko kumlinganisha na mtu wa mkondo mwingine. Je, mabadiliko haya yanaimarisha utafiti au yanaudhoofisha? Na kama nitabaki na mikondo yote miwili, ninaruhusiwa kuita kazi hii jaribio?

Mhadhiri wa Mbinu za Utafiti

Ndugu mleta mada, nianze na wazo lako la kuacha kundi linganishi, kwa kuwa ndilo litakaloiangusha kazi yako mapema kuliko mengine yote.

Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, kuhusu tiba ya sonona inayotolewa kwa mazungumzo ya kikundi. Vijiji 30 viligawanywa kwa nasibu, yaani kwa bahati kama ya kura, vingine vikapata tiba kwa wiki 16 na vingine vikabaki kama vilivyokuwa. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya washiriki wa vijiji vilivyotibiwa walikuwa na vigezo vya sonona kali, na baada yake walibaki asilimia 6.5. Mtafiti asiye na kundi linganishi angeishia hapo na kutangaza kwamba tiba imemaliza karibu ugonjwa wote. Lakini katika vijiji ambavyo havikupata tiba, kiwango kilishuka kutoka asilimia 94 hadi asilimia 54.7 bila mtu yeyote kuketi katika kikundi cha tiba. Sehemu kubwa ya nafuu iliyoonekana ingetokea hata bila tiba, na sisi tunaijua sehemu hiyo kwa sababu tu kulikuwa na watu wa kulinganisha nao. Tiba ilifanya kazi, tena vizuri sana, ila ukubwa wa kazi yake ni ile tofauti kati ya makundi mawili, wala si mteremko wa kundi moja.

Kwa nini watu wasiotibiwa wapate nafuu? Donald Campbell na Julian Stanley walilijibu swali hilo mwaka 1963 walipoorodhesha maelezo shindani yanayoweza kusimama badala ya maelezo ya mtafiti, na orodha yao bado inafundishwa. Sitaikariri yote. Inayokuhusu zaidi ni ile ya kurejea kwenye wastani: watu waliochaguliwa kwa sababu alama zao zilikuwa mbaya siku ya kwanza huelekea kuwa na alama zisizo mbaya sana siku ya pili, kwa kuwa sehemu ya ubaya ule ilikuwa ni bahati ya siku hiyo tu. Wewe hukuwachagua wenye wasiwasi peke yao, kwa hiyo hatari hiyo ni ndogo kwako, lakini itarudi kwa kishindo endapo utashawishika kuripoti matokeo ya “wale waliokuwa na wasiwasi mkubwa” peke yao.

Kuna jambo jingine katika mpango wako ambalo ni zito kuliko hilo. Kipimo chako cha kwanza utakichukua wiki sita kabla ya mtihani na cha pili siku chache kabla ya mtihani. Wasiwasi wa mtihani haukai mahali pamoja ukikusubiri, bali hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Inawezekana kabisa mafunzo yako yakasaidia na bado alama za wasiwasi zikapanda, kwa sababu bila mafunzo zingepanda zaidi. Ukiwa na kundi moja tu, utalazimika kuandika kwamba mafunzo yako yamewaongezea watoto wasiwasi. Vilevile inawezekana zikashuka kwa sababu walimu wamemaliza mada na wanafunzi wametulia, nawe ukajipatia sifa isiyo yako. Matokeo yakija kwa upande wowote, hutaweza kuyasoma. Hoja yako kwamba kila mwanafunzi atalinganishwa na nafsi yake ni nzuri kwa kupunguza tofauti za watu, lakini nafsi hiyo ya wiki sita baadaye si ile ile, na kilichoibadilisha si wewe peke yako.

Sasa tuje kwenye mikondo. Ukiufundisha Mkondo A na kuuacha Mkondo B, tofauti yoyote utakayoipata itakuwa na angalau maelezo mawili: mafunzo, na usayansi. Upimaji wa awali unasaidia kuonyesha kwamba makundi yalianza sawa au tofauti, lakini hauwezi kukuambia kama yangesonga kwa mwendo mmoja. Mwanafunzi wa sayansi anayesubiri mtihani wa vitendo wa kemia na mwenzake anayesubiri karatasi ya historia hawapandi ngazi moja ya wasiwasi katika wiki hizo sita. Kazi ya namna hiyo huitwa nusu-jaribio, nalo si tusi, kwani ziko nusu-jaribio zenye heshima kubwa. Ila yako ingekuwa dhaifu hata miongoni mwa hizo, kwa sababu ifuatayo.

Ukigawa madarasa mazima, kinachogawanywa ni darasa, na wewe una madarasa mawili. Wanafunzi 90 watakupa hisia ya wingi, lakini kwa swali lako sampuli ni madarasa mawili tu, moja kila upande. Wanafunzi wa darasa moja wana mwalimu mmoja, kelele zile zile na uvumi ule ule kuhusu mtihani. Watakwimu wana kanuni rahisi ya kupima hasara hiyo: toa moja katika idadi ya wanafunzi wa darasa, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwao, kisha ongeza moja. Hata tukichukua kiwango kidogo cha 0.05, kwa darasa la watu 45 tunapata 3.2, maana yake ni kwamba wanafunzi 90 wanabeba taarifa ya wanafunzi wapatao 28. Nawe hata hao 28 huwezi kuwatumia, kwa sababu ukiwa na darasa moja kila upande, hakuna hesabu inayoweza kutenganisha athari ya mafunzo na athari ya darasa. Bolton hakugawa vijiji viwili, aligawa 30.

Ushauri wangu ni huu: achana na mipaka ya mikondo. Wapime wanafunzi wote 90 kwanza, kisha ndani ya kila mkondo, na ndani ya kila jinsi, wagawe kwa nasibu, nusu wapate mafunzo sasa na nusu wasubiri. Usayansi na usanaa vitakuwa pande zote mbili kwa uwiano ule ule, na kila mwanafunzi atakuwa ameingia upande wake kwa kura, si kwa masomo aliyoyachagua. Hapo una haki ya kuiita kazi yako jaribio.

Mwalimu wa Ushauri Nasaha

Nimesoma maelezo ya Mhadhiri kwa makini, na kwa upande wa hesabu sina pingamizi. Wasiwasi wangu ni kwamba yeye anaongea juu ya wanafunzi kama watu wasiolala chumba kimoja. Hii ni shule ya bweni. Ukimfundisha msichana mmoja kupumua kwa utaratibu siku ya Jumanne alasiri, kufikia saa nne usiku bweni zima limekwisha kujua, na wale walioambiwa wasubiri ndio watakaojifunza kwa bidii zaidi kwa sababu wamenyimwa. Mtafiti atadhani analinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa, kumbe analinganisha waliofundishwa na mtafiti na waliofundishwa na marafiki zao.

Tatizo hili si geni katika eneo letu. Edward Miguel na Michael Kremer walipochunguza dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya, hawakugawa mwanafunzi mmoja mmoja, waligawa shule nzima nzima. Sababu yao ni kwamba minyoo huambukizwa, na mtoto aliyetibiwa huwapunguzia maambukizi wenzake ambao hawakumeza dawa. Katika matokeo yao ya mwaka 2004 walionyesha kwamba hata wanafunzi ambao hawakutibiwa walinufaika, na kwamba aliyelinganisha mtoto na jirani yake wa dawati angeidharau dawa kuliko inavyostahili. Maarifa nayo huambukizwa, tena kwa kasi zaidi. Kwa hoja hiyo, ningependa mleta mada atafute shule nyingine kadhaa na kugawa shule, au angalau abaki na mikondo ili kuwe na ukuta fulani kati ya makundi.

Niongeze la utawala. Mkuu wa shule atakubali kura kwa urahisi zaidi akihakikishiwa kwamba hakuna mtoto atakayekosa kabisa. Kundi linalosubiri lipewe vipindi vyake baada ya mtihani wa utamilifu, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Wazazi nao waelezwe hivyo katika barua ya ridhaa, na si wazazi tu, kwa sababu mwanafunzi wa miaka 17 ana haki ya kuulizwa mwenyewe na kukataa bila kuitwa ofisini.

Mtafsiri wa Vipimo

Wachangiaji wote wawili wamezungumzia nani alinganishwe na nani. Hakuna aliyeuliza kinachopimwa ni nini, na kwa maoni yangu hapo ndipo tafiti nyingi za saikolojia katika shule zetu zinapopasuka hata zikiwa zimegawanya watu kwa usahihi kabisa.

Mleta mada ametaja hojaji ya wasiwasi bila kueleza ni ipi na ni ya lugha gani. Ninakisia ni mojawapo ya zile zilizotungwa Marekani, kama ile ya Charles Spielberger ya mwaka 1980 yenye vipengele 20, na ninakisia pia kwamba itajazwa kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sekondari. Ikiwa ni hivyo, alama ya mwanafunzi itabeba vitu viwili, wasiwasi wake na uwezo wake wa kuielewa sentensi. Mbaya zaidi, vitu hivyo viwili havikutengana tangu mwanzo, kwa sababu mwanafunzi dhaifu wa Kiingereza ana sababu za kweli za kuuogopa mtihani unaoandikwa kwa Kiingereza. Huo ni udhaifu wa uhalali wa dhana, yaani wa kipimo kupima kweli kile kinachodai kupima, nao hauponywi na kura wala na wingi wa washiriki. Kura itahakikisha kwamba kosa hilo limegawanywa sawa pande zote mbili. Kosa lenyewe litabaki.

Kuitafsiri hojaji kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine asiyeiona ya asili akairudisha kwa Kiingereza ili matoleo mawili yalinganishwe, ni hatua ya lazima, lakini haitoshi. Sentensi inaweza kwenda na kurudi salama na bado isiguse chochote katika maisha ya msomaji. Bolton, aliyetajwa hapo juu, hakuanza na dodoso. Yeye na wenzake waliwauliza kwanza wanakijiji ni matatizo gani ya moyo na akili wanayoyaona, wakakuta hali mbili zenye majina ya kienyeji, yo'kwekyawa na okwekubagiza, ambazo dalili zake zilikaribiana na zile za sonona, na ndipo wakakirekebisha kipimo chao. Mleta mada naye awakalishe wanafunzi wachache wa shule nyingine, awaombe waeleze kwa maneno yao mwili na mawazo yao vinafanya nini usiku wa kuamkia mtihani, kisha aone hojaji yake inayakuta mangapi kati ya hayo. Nina shaka, kwa mfano, kama hojaji ya Marekani ina kipengele kuhusu hofu ya kurudishwa nyumbani kwa ada, au hofu ya kumwaibisha mjomba aliyemsomesha.

Kuna utafiti mmoja wa hapa Tanzania ambao kila mwanafunzi wa saikolojia angepaswa kuusoma kwa ajili ya suala hili hili. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto wa shule za msingi karibu na Bagamoyo kwa majaribio ya kufikiri, kama vile kupanga kadi katika mafungu na kubaini jambo kwa kuuliza maswali machache. Kundi moja likafundishwa kwa muda usiozidi saa moja mbinu za kuyakabili majaribio hayo, na kundi jingine halikufundishwa, kisha wote wakapimwa tena. Waliofundishwa walipanda zaidi ya wenzao. Jambo lililonivutia ni kwamba kwa waliofundishwa, alama za mara ya kwanza zilikuwa mwongozo hafifu wa alama za mara ya pili, yaani upangaji wa nani yuko juu na nani yuko chini ulivurugika kwa mafunzo mafupi mno. Tafsiri inayoniingia akilini ni kwamba alama za kwanza zilikuwa zinapima kwa kiasi kikubwa mazoea ya watoto na aina ile ya mtihani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002, na bado naona watu wakitoa jaribio la kigeni mara moja, asubuhi moja, kisha wakaandika sura nzima juu ya akili za watoto wa kijijini.

Kwa mleta mada funzo ni la moja kwa moja: kujaza hojaji mara ya pili si sawa na kuijaza mara ya kwanza, na kundi linganishi lijaze mara zote mbili, kwa siku zile zile, katika chumba kinachofanana.

Mwanafunzi wa Uzamili (mleta mada)

Ninawashukuru sana walimu wangu. Nimezungumza na uongozi wa shule, nao hawana tatizo na kura ya mwanafunzi mmoja mmoja mradi vipindi vifanyike alasiri baada ya masomo na waliosubiri wapate zamu yao baadaye. Shule nyingi siwezi kuzifikia kwa fedha nilizonazo.

Nimebaki na mambo mawili. Kwanza, ninachagua vipi kati ya hoja ya Mhadhiri na hoja ya Mwalimu, ikiwa kura itavujisha mafunzo bwenini na mikondo itanipa sampuli ya madarasa mawili tu? Pili, mwenzangu darasani ananiambia kwamba kundi linalosubiri lisiachwe likae bure, kwa sababu ya kile kinachoitwa athari ya Hawthorne: kwamba mtu yeyote akijua anachunguzwa hubadilika. Je, niwape nini cha kufanya?

Mhadhiri wa Mbinu za Utafiti

Mwalimu wa Ushauri Nasaha ana haki kuhusu bweni, na mfano wake wa Busia ni mzuri. Lakini tuangalie kila kosa linavuta upande gani. Mafunzo yakivuja kwenda kwa wanaosubiri, tofauti kati ya makundi itapungua. Ukiiona tofauti hata baada ya uvujaji huo, unajua athari halisi huenda ni kubwa zaidi, na ukiikosa, unajua pa kutafuta sababu. Ukigawa mikondo, tofauti ya sayansi na sanaa inaweza kuyaongeza matokeo yako au kuyafuta, na hutajua ni lipi limetokea. Mimi huchagua kosa ambalo mwelekeo wake ninaujua. Kama ungekuwa na fedha za shule 20, ningemwunga mkono Mwalimu bila kusita, ila kwa shule moja ukuta wa mikondo unakugharimu zaidi ya unachokulinda nacho. Punguza uvujaji kwa kadiri uwezavyo, usigawe karatasi za kuondoka nazo, na mwishoni waulize wanaosubiri maswali machache kuhusu mbinu zenyewe: wamezisikia, wamezijaribu, mara ngapi. Majibu hayo yaingie kwenye ripoti hata kama yatakuudhi.

Kuhusu Hawthorne, mwenzako amefikia ushauri sahihi kwa kupitia hadithi iliyochakaa. Jina hilo linatokana na majaribio ya mwanga yaliyoanza mwaka 1924 katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric huko Cicero, jirani na Chicago, na vitabu vingi vinasema kwamba uzalishaji ulipanda taa zilipoongezwa na ukapanda tena zilipopunguzwa. Takwimu zake zilidhaniwa zimepotea, hadi Steven Levitt na John List walipozipata na kuzichambua upya katika makala yao ya mwaka 2011, wakakuta ushahidi ni hafifu mno kuliko hadithi. Mwanga ulikuwa ukibadilishwa Jumapili, kiwanda kikiwa kimefungwa, kisha Jumatatu uzalishaji ukaonekana kupanda. Ila uzalishaji ulikuwa ukipanda Jumatatu hata katika wiki ambazo taa hazikuguswa. Nadharia mashuhuri kuhusu tabia ya binadamu kazini, kwa sehemu, ilikuwa ni siku ya wiki. Hilo nalo ni tatizo la ulinganishi.

Sababu nzuri zaidi ya kuwapa wanaosubiri kitu cha kufanya ni hii. Waliofundishwa wanapata mbinu zako, lakini pia wanapata saa moja ya mtu mzima anayewasikiliza, kikundi cha wenzao, na matumaini kwamba watasaidika. Ukiwalinganisha na watu waliokaa bure, hutajua kama ni mbinu au ni ile saa. Watafiti wa Shamiri, mpango wa vipindi vya vikundi vya afya ya akili kwa wanafunzi nchini Kenya unaoongozwa na vijana, katika jaribio lao la wanafunzi 413 wa sekondari lililochapishwa mwaka 2021, waliwapa kundi linganishi vipindi vya mbinu za kujisomea, kwa muda ule ule na vikiongozwa na vijana wa aina ile ile. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na lile la Shamiri likapata zaidi katika sonona na wasiwasi. Wangelinganisha na watu waliokaa tu, namba yao ingekuwa kubwa zaidi na maana yake ingekuwa ndogo zaidi. Wewe una ugumu kidogo kwa sababu ratiba ya kujisomea ni sehemu ya mafunzo yako. Ama uitoe na kuihamishia kwa kundi linganishi, ama uwape wanaosubiri mijadala ya vikundi kuhusu uchaguzi wa tahasusi za Kidato cha Tano. Mimi ningeitoa, kwani mafunzo yenye viungo vitatu hayakuambii ni kiungo gani kilichofanya kazi.

Halafu usifundishe wewe na kupima wewe. Robert Rosenthal na Kermit Fode waliwapa wanafunzi wa chuo panya wa kawaida, wakawaambia baadhi yao kwamba panya wao ni hodari wa kupita katika vichochoro na wengine kwamba wao ni wazito, na panya walioaminiwa wakapata matokeo bora zaidi. Ikiwa matarajio ya mtafiti yanamfikia panya, yatamfikia na mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayekupenda na anayejua unachotaka kusikia. Tafuta mtu asiyejua nani yuko kundi gani asimamie hojaji, na mwalimu wa nidhamu asiwe ndani ya chumba.

Kwa hesabu: ukiwa na 45 kila upande, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5 (uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwapo) na nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti iliyopo), tofauti ndogo kabisa unayoweza kutegemea kuiona ni takriban 0.6 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), ambayo ni kubwa kwa mafunzo ya wiki sita. Ukiziingiza alama za awali katika uchanganuzi, na zikiwa na uhusiano wa 0.7 na alama za mwisho, unashuka hadi takriban 0.43. Ndiyo maana upimaji wa awali una thamani kwako hata baada ya kura. Andika mpango wa uchanganuzi na uuweke mahali penye tarehe kabla ya kipimo cha pili, ukitaja kigeu kimoja kikuu, yaani kipimo kimoja utakachokitumia kuamua kama mafunzo yamefanya kazi. Wanafunzi watakaoacha katikati wahesabiwe katika kundi walilopangiwa, wala usiwaondoe kwa kuwa hawakuhudhuria, kwani wanaoacha mafunzo ya wasiwasi mara nyingi ndio wenye wasiwasi.

Mjumbe wa jopo aliyeuliza kuhusu shule nyingine mjibu kwa unyenyekevu na bila kuogopa. Kura ndani ya shule moja inajibu kama mafunzo yanaweza kuleta mabadiliko kwa wanafunzi wa namna hii, katika shule ya bweni ya namna hii, kabla ya mtihani wa namna hii. Usiseme “wanafunzi wa Tanzania” katika kichwa cha tasnifu. Eleza kwa kina ada, jinsi, umri, ufaulu wa miaka iliyopita na lugha ya hojaji, ili atakayeyarudia mafunzo hayo katika shule ya kutwa ya kata aweze kuona mahali ambapo shule yake inatofautiana na yako. Na kundi la pili litakapopata zamu yake kabla ya Novemba, wapime tena wote 90, kwa sababu hapo utakuwa umelirudia jaribio lako mwenyewe kwa gharama ya karatasi tu.